Aliyeimba Sauti ya Pili

Nilipokuwa kijana Kilosa, kwenye mashamba ya mkonge, tulikuwa na msimamizi mmoja aliyeipenda kofia yake kuliko mshahara wake. Kofia pana ya ngozi, rangi ya kahawia, sijui aliipata wapi. Siku moja aliitundika kwenye kigingi akaenda kuoga mtoni, na mbuzi wa mpishi akala ukingo wote wa upande mmoja. Tulimwona akitafuna. Hakuna aliyemfukuza, na nisidanganye, tulikuwa tunamtia moyo kwa ishara. Msimamizi aliporudi aliitazama ile kofia, akaipangusa, akaivaa hivyo hivyo, upande mmoja una ukingo na mwingine hauna, akatuambia turudi kazini. Aliivaa hivyo mpaka mimi nikaondoka pale. Jua lilimchoma sikio moja tu, likawa jeusi kuliko mwenzake.

Basi tangu hapo nina tabia ya kutazama kofia kabla ya uso. Mke wangu anasema ndiyo maana nasahau watu. Baadaye nilikwenda Morogoro mjini nikajifunza kutengeneza makochi, nikaoa binti wa Afrika Kusini, mmoja wa wale waliokuwa wanaishi kwetu enzi za kupigania nchi yao, na nchi ilipopatikana akaniambia twende nyumbani. Nikasema sawa, nikidhani tunakwenda kusalimia. Nipo mpaka leo. Karakana yangu iko Doornfontein, chini ya ghorofa la watu wanaoshona sare za shule, na mtaani petu kofia ni za sufu au za timu za mpira. Kwa hiyo siku ilipotokea kofia pana ya kahawia, ukingo mzima pande zote, juu ya kichwa cha mlinzi mpya wa geti la nyumba ya wapangaji ng'ambo ya barabara, niliweka nyundo chini nikatoka nje.

"Mzee, unaangalia nini?" akaniuliza mwenye kofia.

"Naangalia kama imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na mbuzi."

Akafikiri kidogo. "Hapa Doornfontein mbuzi si wengi," akasema. "Lakini nitakaa chonjo."

Nikajua huyu tutaelewana.

Jina lake nalijua, ila silisemi, kwa sababu hata yeye alikuwa haitikii ukimwita kwa jina. Aliitika ukimwita Sauti ya Pili. Alikotoka sikuuliza sana. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, cha kule juu kwenye baridi, ambako nasikia watu wazima wanavaa kofia za wachunga ng'ombe na kulia kwenye baa wakisikia nyimbo za kantri. Mimi kantri nilikuwa naijua kidogo tu, ya redioni. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuna sheria. "Mzee," alisema, "wimbo usio na treni haujaiva. Kama hauna treni uwe na mvua. Kama hauna mvua, basi mama awe amekufa."

"Na kama mama yuko hai na ni kiangazi?"

"Hiyo ni taarifa ya habari."

Sasa nieleze hilo la sauti ya pili kwa asiyejua. Wimbo wa watu wawili una sauti ya kwanza, ndiyo wimbo wenyewe, ule unaoondoka nao kichwani ukienda nyumbani. Halafu kuna ya pili, inayotembea hatua chache chini yake, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko kwenye ngazi zenye giza. Peke yake haina maana. Ukiiondoa, lakini, ile ya kwanza inabaki kama kochi lililotolewa sponji. Linakalika, ila utajuta.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kinyozi. Mkongo wa Lubumbashi, mtu mrefu, msafi, shati jeupe hata katikati ya nywele za watu. Duka lake liligusana ukuta na kibanda cha mlinzi. Kinyozi alikuwa na tabia ya kuimba huku mashine inanguruma kichwani kwa mteja, na siku moja, mwaka 2015 ule umeme ulipokuwa unakatwa kwa zamu, umeme ukakatika, mashine ikanyamaza, kinyozi akaendelea kuimba ili mteja aliyenyolewa nusu asitoke. Na kutoka upande wa pili wa ukuta ikaja sauti ya chini, polepole, ikajipanga na ya kwake. Hawakuwa wameonana bado. Mimi niliwasikia wote wawili kutoka ng'ambo, sindano mkononi, na mwili ukanisisimka. Mteja naye akakaa na nusu yake mpaka wimbo ukaisha.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mazoezi walifanyia kwangu, kwa sababu makochi yanameza sauti. Kinyozi aligundua hilo. "Papa," aliniambia, "kama sauti inatoka huku ndani ya masponji yako, hata kule stadium itatoka." Wakaimba kwenye harusi za Wakongo, kwenye michango ya misiba ya Wakenya, kwenye ubarikio wa watoto wa Kirundi, na sisi Watanzania tulipopata sherehe tuliwaita pia, ingawa tulichelewa kuanza na mara mbili walikuta ukumbi umefungwa. Nyimbo walitunga wenyewe, za Kiswahili, zina farasi na vituo vya treni na mwanamke anayepunga kitambaa. Watu wa kwetu mjini hapa, walioacha mama zao mbali, walizijua neno kwa neno. Na wote, bila kuambiwa, waliimba sauti ya kwanza.

Niseme kuhusu farasi. Sauti ya Pili alikuwa anawaogopa mpaka basi. Kuna mzee mmoja alikuwa anapita mtaani na mkokoteni wa vyuma chakavu unaovutwa na farasi, mnyama mwenyewe amechoka, kichwa chini, hana habari na mtu. Sauti ya Pili akisikia kwato tu, anavuka barabara mbio bila kutazama roboti, yaani taa za barabarani za huku, imewaka rangi gani, anaingia karakanani na kujificha nyuma ya kochi.

"Wewe si ndiye uliyeimba unampanda farasi mpaka alfajiri?" nilimuuliza.

"Mzee, farasi wa kwenye wimbo hana meno."

Pombe pia hakunywa. Nyimbo zake zilikuwa na bia kuliko duka la bia, na yeye alikunywa chai. Tena chai ya maziwa, na si ya popote. Siku yake ya mapumziko alitembea kwa miguu mpaka Fordsburg, kwenye mgahawa mmoja wa Wahindi Waislamu, kwa kuwa chai ya sehemu nyingine za Johannesburg aliiita maji yaliyoona majani ya chai kwa mbali. Nilimsindikiza mara kadhaa. Ndipo nilipoona kitu. Akitembea njiani alishika upande wa kushoto kabisa, karibu anasugua ukuta, na kulia kwake akaacha nafasi ya mtu. Mgahawani alikaa mwisho wa benchi. Andazi alilikata akala nusu. Nikamuuliza ile nusu nyingine ya nani, akaiangalia kama vile ndiyo kwanza anaiona.

"Sijui, Mzee. Imebaki tu."

Kwa kazi ya ulinzi alikuwa hafai, nisimpambe. Geti alilifungulia kila aliyefika, akisalimia kwa kugusa ukingo wa kofia. Kuna siku mtu alitoka na friji mgongoni, na yeye badala ya kumhoji alimshikia geti, akamsaidia kulifunga kamba kwenye gari, akamwambia apunguze mwendo kwenye kona. Mtaa mzima tukakaa kusubiri kesi. Friji likawa la yule mtu mwenyewe, anahama. Tulivunjika moyo sana. Lakini wapangaji walimpenda, na mke wangu alimpenda zaidi, kwa sababu alikuwa mwanaume pekee mtaani aliyemsikiliza mpaka mwisho bila kuingiza neno, isipokuwa "mm" ndogo, ya chini, mahali panapotakiwa. "Huyu hata ukiongea naye anakuitikia sauti ya pili," mke wangu alisema. Kiswahili cha mke wangu ni cha Morogoro kilichokaa sana Soweto, kwa hiyo aliongeza na "shame" mwishoni, ambayo kwao si aibu, ni huruma.

Basi mambo yalikwenda hivyo miaka kadhaa, mpaka kinyozi akaoa.

Alioa vizuri, mwanamke mwenye akili, Mkongo mwenzake, na wakahamishia duka lao la kunyoa Randburg, kwenye maduka makubwa ambako wateja wanaweka miadi. Huko akaingia kanisa moja, wakasikia sauti yake, wakampa kuongoza nyimbo. Na mchungaji akamwambia, kwa upole, kwamba mdomo wa kuongoza ibada usiwe ule ule wa kuimba bia na farasi. Kinyozi akaja kuaga karakanani. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana, watu wakigombana wana la kufanya.

"Grand, unanielewa?" kinyozi akamuuliza, akimwita kaka mkubwa kwa Kifaransa cha kwao.

"Nakuelewa."

"Njo vile Mungu anapangaka. Hauna kasirani?"

"Sina."

Kinyozi akamshika mkono, mwenzake akagusa kofia, na baada ya hapo geti la ng'ambo likawa kimya. Alikuwa anafungua, anafunga. Mchana watu walipita bila kusalimiwa. Mke wangu akaanza kumpelekea chakula, na sahani ikawa inarudi na nusu.

Halafu asubuhi moja akavuka barabara, pole pole, hakuna farasi, akasimama mlangoni.

"Mzee, nataka kuimba peke yangu."

"Imba basi."

"Si hapa. Mbele ya watu. Wimbo mzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, wanisikie mimi. Sijawahi kusikika, Mzee. Unajua hiyo? Miaka yote hii, mtu akinisimamisha barabarani ananiambia mwenzako anaimba vizuri."

Mimi mwenyewe nilishamwambia hivyo. Zaidi ya mara moja.

Alikuwa ameshapata na mahali. Kuna mama wa Kikenya huko Randburg mwenye uwanja wa nyama choma nyuma ya duka la matairi, na Jumapili mchana wanakuja watu wote wa Afrika Mashariki na Wakongo wakitoka kanisani. Yule mama alikubali kumpa jukwaa. Kwa hiyo tukaanza mazoezi. Nikatoa kochi la mteja katikati, nikakaa, nikamwambia aanze.

Akaanza. Ikatoka sauti ya pili.

"Hiyo ni ya pili," nikasema.

"Najua, Mzee. Nimeisikia ikitoka."

Akajaribu tena. Ya kwanza alikuwa anaijua, ameisikia kuliko mtu yeyote duniani, sikio lake moja lilikuwa limelala karibu nayo miaka yote. Ungemwambia akupigie kwa gitaa, anaipiga bila kosa. Akifungua mdomo, koo linashuka lenyewe. Mke wangu akamwambia aangalie ukutani asituone. Akaangalia ukutani, akaimba ya pili ukutani. Akaambiwa aanze juu sana, juu kabisa, ili hata akishuka afikie kwenye ya kwanza. Akaanza juu, na akashuka hatua mbili badala ya moja. Mimi nikajitolea kumwimbia ya kwanza ili aifuate. Hilo lilikuwa kosa, kwanza kwa sababu naimba kama bawaba, na pili kwa sababu aliposikia tu ya kwanza inatoka mahali popote, hata kwenye bawaba, akajipanga chini yake kwa raha zote na kufumba macho. Tukamaliza wimbo mzima hivyo. Ulikuwa mzuri, nasema kweli. Mke wangu akaniangalia.

"Hayi, Baba Lindiwe. Nyamaza, umemharibu tena."

Jumapili ikafika. Tulikwenda na gari langu la mizigo, sofa la mtu likiwa nyuma kwa sababu nilipaswa kulishusha njiani nikasahau. Uwanja ulijaa. Wakenya na kofia zao, Wakongo na suti zilizonyooka, Warundi wamekaa kistaarabu, Watanzania tumefika wa mwisho. Moshi wa nyama ulikuwa unatembea kama umealikwa. Na nyuma kabisa, karibu na bomba la maji, nikamwona kinyozi na mkewe. Alikuwa ameahidi kwamba atakuja na hataimba, asije akaharibu.

Sauti ya Pili akapanda jukwaani. Kofia imepigwa brashi, viatu vya buti vikubwa kuliko mguu. Kipaza sauti kilikuwa katikati. Akakishika, akakisogeza kushoto mpaka mwisho wa jukwaa karibu aanguke, akasimama hapo. Kulia kwake pakabaki patupu, pa kumtosha mtu mzima mwenye mabega. Wala hakujua amefanya hivyo. Mama mwenye nyama akaniuliza, "Kuna mwingine anakuja?" Nikasema hapana. "Mbona amempa nafasi?"

Akapiga gitaa. Watu wakautambua wimbo, wakapiga makofi. Akavuta pumzi, akaimba, na ikatoka ile ile ya pili, safi, imenyooka, peke yake hewani kama ngazi isiyo na nyumba.

Watu wakatazamana. Kuna mwanamke mmoja, ana ubavu wa mbuzi mkononi, aliyekuwa karibu na jukwaa. Nadhani hakukusudia. Alifanya kama unavyoweza kunyoosha mkono ukiona kikombe kinaanguka. Akaingiza ya kwanza. Meza yake ikamfuata. Halafu meza ya pili, halafu uwanja wote, na kiitikio kilipofika watu walikuwa wamesimama, wanaimba sauti ya kwanza kwa nguvu zote, wengine machozi yanatoka. Na katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatwa, kama ilivyopangwa siku hiyo. Kipaza sauti kikafa. Hakuna aliyejali. Wakaendelea. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko, namwona pale juu midomo inacheza, mishipa ya shingo imetoka, na sisikii hata chembe.

Mtu mmoja tu uwanja mzima alikuwa haimbi. Kinyozi. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yanatoka, mkewe amemshika bega.

Ilipoisha walimbeba. Kweli, walimbeba mabegani, wakamzungusha kwenye meza. Mama wa nyama akasema hajawahi kuona mwimbaji anayejua kuimbisha watu namna ile. "Umetufanya sisi wote wenzako," akamwambia. "Hiyo ni akili sana." Kinyozi akaja kumkumbatia. "Grand, nilifunga kinywa mpaka meno zinauma," akasema. "Lakini uliweza. Uliweza kweli, franchement."

Kurudi, mke wangu alikaa katikati, yeye dirishani, kofia magotini. Tulisimama kwenye roboti ya tatu.

"Mzee," akasema. "Leo nani ameimba?"

"Wewe."

"Hapana. Leo wameimba wao. Mimi nimeitikia."

"Watu wamefurahi," mke wangu akasema.

"Wamefurahi, Mama. Hata mimi nimewasikia. Wanaimba vizuri sana."

Hapo ndipo ingefaa niseme kwamba alikata tamaa. Hakukata. Watu wa namna hii, wanaokupisha njiani, usidhani ni laini. Alialikwa tena, Randburg na kwingine, harusi mpaka za watu asiowajua, maana sifa ilikuwa imeshaenea kuhusu yule mwimbaji anayewaachia watu wimbo. Alikwenda, na kila mahali ikawa vile vile. Hata alipojaribu kuwaambia wasiimbe. Aliwaomba kwa adabu, kofia mkononi, watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo, wakaimba zaidi. Akawa anarudi na mashada ya maua na vyakula vya kufungashiwa na uso mrefu. Halafu akaacha kwenda. Wakimwita anasema koo linamuuma. Nilimsikia lakini, kwenye kibanda chake, mchana jua likiwa kali na watu wako kazini, anapiga gitaa taratibu, kitu nisichokijua. Nikitokeza kichwa ananyamaza. Nikaacha kutokeza kichwa. Kazi zangu nyingi za mwaka ule zilichelewa kwa sababu ya kupiga misumari polepole ili nisikie.

Kuna kitu alikuwa anapenda kusema zamani, wakiwa bado wawili, mtu akimsifia kinyozi mbele yake. Alikuwa anasema, "Asante, nitamfikishia." Na kweli alikuwa anafikisha. Wakati huu nilimsikia mpangaji mmoja akimwambia getini, "Yule mwenzako alikuwa anaimba, we acha." Akamjibu, "Kweli alikuwa anaimba." Basi. Hakuna cha asante. Nikamwambia mke wangu kuna kitu kinapikwa.

Kinyozi naye akaja siku moja, na habari. Alivuka kwanza kwangu, sijui kwa nini, labda aibu.

"Papa, mchungaji amelegeza kidogo. Kama harusi ni ya bakristo, naweza kuimba na hizi za zamani. Bia tunatoa, tunaweka chai."

"Chai itamfurahisha."

"Kuna harusi kubwa, kule Randburg. Banatutaka sisi wawili. Nimwambie?"

"Yuko pale, mwambie."

Akaenda. Niliwaona wakiongea kwenye geti, kinyozi mikono inaruka, mwingine ameegemea, anaitikia kwa kichwa taratibu, na ile "mm" yake. Kinyozi akaondoka anatabasamu. Nikavuka kumuuliza amejibu nini.

"Nimemwambia anipe muda nifikirie."

"Mbona yeye ameondoka anacheka?"

"Kwa sababu sijawahi kumwambia hapana, Mzee. Hajui inavyofanana."

Kisha siku zikapita, harusi ikasogea, na mchana mmoja wa baridi, mwezi wa saba nadhani, jua limepauka, akaja karakanani bila sare. Koti tu, kofia, gitaa mgongoni na begi dogo. Kibandani ng'ambo alikuwa amekaa mlinzi mwingine, kijana mnene aliyekuwa anamhoji mpangaji wa siku zote anakwenda wapi. Nikamkaribisha. Nilikuwa na kochi limevuliwa nguo, springi nje, nikamwambia asikae hapo atachomwa, akakaa hapo hapo. Akaweka gitaa mapajani.

"Nina moja," akasema. "Haina treni."

"Ina mvua?"

"Haina. Sikiliza tu."

Akaimba. Ilikuwa sauti yake ile ile, ya chini, ya upande, koo lile lile. Hakupanda kwenda kuitafuta ya kwanza. Wimbo ulikuwa mdogo, wa mlinzi wa geti, na maneno machache niliyoyashika ni haya:

*Nimewafungulia wote, waingiao, watokao,*
*najua viatu vyao, najua mizigo yao.*
*Leo asubuhi lango nimelishika mwenyewe,*
*limelia kidogo tu, likanipisha mwenyewe.*

Mimi, kwa mazoea, ubeti wa pili nikafungua mdomo nimsaidie. Nikatafuta ya kwanza iko wapi. Nikaitafuta juu, haikuwepo. Nikatafuta pembeni. Kila nilipotaka kuingia nilikuta yeye yuko hapo tayari, amekaa, hajasogea. Nikafunga mdomo. Mke wangu alitoka kule nyuma na uzi kati ya meno, akasimama, na hata yeye, anayeimba akiosha vyombo, akifagia, akinigombeza, hakuingiza kitu. Watu wa sare za shule juu walizima cherehani moja, halafu nyingine.

Alipomaliza, aligeuza kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza kama kuna mtu nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Eish," mke wangu akasema, basi.

Nikamuuliza ataimba wapi huu, akasema hajui bado, kuna watu wengi ambao hawajawahi kuwasikia wakiwa wawili. Nikamuuliza, na harusi je, maana kinyozi ameshanipigia simu asubuhi anamtafuta.

"Mwambie hapana, Mzee."

"Nimwambie hivyo tu?"

Akafikiri, akavaa gitaa mgongoni. "Mwambie ajaribu ya pili. Si ngumu, mtu akitulia."

Akampa mke wangu mkono, akanipa mimi, akagusa kofia kwa ajili ya wale waliokuwa juu ingawa hawakumwona. Kisha akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni na nyundo yangu. Mlinzi mpya akamwangalia kwa mashaka. Yeye akashuka na barabara, anatembea katikati ya njia ya waenda kwa miguu, wanafunzi wa chuo cha jirani wanampisha huku na huku, akafika kwenye roboti ikawa nyekundu akasubiri, ikawa ya kijani akavuka. Nilidhani anakwenda Fordsburg, kunywa chai. Kinyozi alifika jioni, nikamfikishia, akakaa kumsubiri hivyo hivyo mpaka tukafunga.